UZI: Mbuzi kala majani, vimebaki vikonyo. Huu mtondoo au mtomondo?

Kijana wa Konde
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina suala dogo lakini nyumbani limezua zogo la siku tatu. Ami yangu aliletewa mche kutoka upande wa Micheweni, akaambiwa ni mtondoo. Akaupanda karibu na baraza, kwa nia ya kivuli, na baadaye apate kokwa za kukamua mafuta ya kuchulia magoti yake. Shangazi kauona juzi, kasema huo si mtondoo, ni mtomondo, ambao zamani wavuvi walitwanga mbegu zake kulevya samaki. Ami kakasirika, hata chai hajanywa.

Nikasema nipige picha ya majani niwaletee nyinyi. Kabla sijapiga, mbuzi wa jirani kaingia. Kala yote. Vimebaki vikonyo na vipande vya mshipa wa kati. Mti ni wa urefu wa kifua changu, haujawahi kutoa ua. Nisubiri majani mapya au kuna njia nyengine?

Bi Mkubwa Mkoani
Poleni jamani 😂 Muulizeni mbuzi, yeye ndiye aliyeonja.

Maalim Wembe
Wa alaykum salaam. Usisubiri kitu. Mbuzi kakuachia kile ambacho mimi ningekuomba.

Nasomesha baiolojia skuli, na kila mwaka vijana wananiletea bapa la jani, ile sehemu pana, kikonyo wamekitupa. Bapa hubadilika sana na mahali jani lilipoota. Chukua mti mmoja, uchume jani la juu kabisa linalopigwa na jua kutwa, kisha jani la ndani kivulini. La juani ni dogo, nene, gumu. La kivulini ni pana na jembamba. Ukilikata utaona la juani limepanga zile seli ndefu za kijani safu mbili au zaidi, la kivulini mara nyingi safu moja tu. Mtu asiyejua atasema mimea miwili. Kikonyo nacho hubadilika, lakini mpangilio wa mishipa yake ndani hushikilia sana ukoo wake.

Kwa mti wako, kabla ya wembe, tazama mambo mawili kwa macho. Mtondoo (*Calophyllum inophyllum*) majani yake hukaa wawili wawili, yakielekeana kijitini. Mtomondo (*Barringtonia racemosa*) hupishana, moja huku moja kule, na hurundikana kwenye ncha ya tawi. Majani yameliwa lakini vikonyo vipo, kwa hiyo bado unaweza kuhesabu. La pili, vunja kikonyo kimoja. Mtondoo hutoa utomvu wa kunata, mweupe au wa manjano hafifu. Na kama mbuzi kakubakishia japo kipande cha bapa upana wa ukucha, kielekeze kwenye jua: mtondoo una vishipa vya pembeni vingi mno, vyembamba, vimebanana sambamba kama meno ya kitana, na baina yao hupita mifereji ya utomvu. Hauna mwenzake hapo pwani, ukishauona mara moja umeshaujua.

Ukitaka kuwanyamazisha kabisa ami na shangazi, tukate. Una wembe?

Kijana wa Konde
Wembe upo. Hadubini haipo.

Maalim Wembe
Si lazima ya maabara. Mwanafunzi wangu mmoja alichomoa kilenzi kidogo cha redio mbovu ya sidii, akakibandika mbele ya kamera ya simu kwa utepe. Ukiusogeza mkono taratibu utaona mafungu ya mishipa, hata kama seli moja moja hutaziona.

Kukata ndiko kwenye kazi. Chukua karoti nene, ipasue kwa urefu kama mfuko, ubane kikonyo katikati ili kisichezecheze. Wembe uwe mpya. Uliokwishanyolea ndevu tupa. Lowesha karoti na wembe kwa maji. Kisha usikandamize kwa chini kama unakata mkate, uburure ubavu kwa mwendo mmoja wa haraka, ukijivutia. Kata vipande ishirini, vyote vitie kwenye bakuli la maji. Vingi vitakuwa vinene. Tafuta kile kinachoelea kama ganda la kitunguu, ukikiweka juu ya herufi za gazeti unazisoma kupitia kwake. Hicho ndicho.

Maabara tunatia rangi. Safranini inapaka nyekundu kuta ngumu za zailemu, ile mirija ya kupandisha maji. Floemu inayoshusha sukari haishiki sana. Huko nyumbani ukikosa rangi, angalia hivyo hivyo kwa mwanga unaopita kutoka chini, weka kipande juu ya kioo na tochi ya simu nyengine chini yake.

Unachotafuta ni umbo la fungu kuu. Mimea mingine lina umbo la mwezi mchanga, mingine kiatu cha farasi, mingine limejifunga likawa pete, mingine pete yenye vifungu vingine ndani yake. Mnazi na mgomba ni mbali kabisa: vifungu vimetawanyika kila mahali bila duara. Nyote mmekata kuti la mnazi mkaona zile nukta nyingi na nyuzi zake, basi mlikuwa mnasoma anatomia bila kujua. Ukoo wa mtomondo una alama yake: nje ya fungu kuu, kwenye nyama ya kikonyo, kuna vifungu vidogo pembeni, peke yao. Ukiviona hivyo, shangazi kashinda.

Mtembeza Wageni
Maalim, mimi nafanya kazi mashamba ya viungo, Kizimbani na kwengineko. Sisi hatukati kikonyo. Tunafikicha jani, mgeni ananusa, anabashiri. Mbona inatosha?

Maalim Wembe
Inatosha kwa mgeni anayekwenda zake Nungwi jioni. Hebu nikuulize: ukifikicha jani la mdalasini, linanukia nini?

Mtembeza Wageni
Karafuu 😅 Ndiyo tunavyowachezea wageni. Wote wanasema karafuu.

Maalim Wembe
Umeona? Jani la mdalasini na jani la mkarafuu yote yana eujenoli kwa wingi, ndiyo harufu ile. Pua inakwambia ni ndugu. Lakini udugu hawana.

Shika jani la mkarafuu, lielekeze juani. Utaona vitone vingi vinavyopitisha mwanga, kama limedungwa kwa sindano. Ni tezi za mafuta, kila moja ni kishimo kilichozungukwa na seli nyingi. Kisha tazama ukingoni: vishipa vya pembeni havifiki ukingo, vinaungana na mshipa mmoja unaotembea sambamba na ukingo, karibu karibu. Sasa chukua jani la mpera, fanya hivyo hivyo. Kisha mzambarau. Kisha mkaratusi. Mambo ni yale yale. Kata vikonyo vyao uone mambo ya ndani: kwa kawaida mimea ina floemu upande mmoja tu wa zailemu, hawa wana floemu pande zote mbili, nje na ndani, zailemu imebanwa katikati kama nyama ya sambusa. Mpera hauna harufu ya karafuu, zambarau halifanani na pera, lakini wote ni familia moja, Myrtaceae. Karafuu yenyewe na zambarau ni jenasi moja kabisa, *Syzygium*. Ukimwambia mchumaji wa Wete kwamba mzambarau ni binamu wa karibu wa mkarafuu wake, anadhani unafanya mzaha.

Mdalasini ni ukoo mwengine. Jani lina mishipa mitatu mikubwa inayopanda kutoka chini hadi karibu na ncha, na mafuta yake hukaa ndani ya seli moja moja, si kwenye vishimo. Fanya mchezo wako na wageni, lakini baada ya kucheka waelekezee jani juani. Watakupa bakhshishi ya pili.

Bi Mkubwa Mkoani
Na mkunazi je? Nao una mishipa mitatu. Majani yake tunayajua vizuri, ndiyo ya kuoshea maiti.

Maalim Wembe
Ahsante bibie, umenikamata vizuri. Ndiyo maana alama moja haitoshi. Geuza jani la mkunazi: chini ni jeupe, limejaa malaika, yaani vijinywele, laini kama blanketi. La mdalasini chini halina. Na mkunazi una miba. Mwenye mishipa mitatu ni wengi, mwenye mishipa mitatu na malaika meupe na miba pamoja ni wachache.

Dada Fumba
Mimi bibi yangu hakujua hayo ya floemu lakini alikuwa na lake. Jimbi likija sokoni na majani, yeye haangalii kiazi. Anaangalia kikonyo kinaingilia wapi kwenye jani. Jimbi letu la kupika kwa nazi Ramadhani, kikonyo kinaingia chini ya jani, kwa ndani kidogo, hakigusi ule mkato wa nyuma. Lile aina jengine kubwa la majani kama mshale, kikonyo kinashikia pale pale kwenye mkato, ukingoni. Anasema ukikosea utachelewa kuiva.

Maalim Wembe
Bibi alikuwa mtaalamu, Mungu amrehemu kama ametangulia. La kwanza ni *Colocasia*, la pili ni *Xanthosoma*. Alama hiyo hiyo ndiyo wataalamu wa mimea wanaitumia kuyatenganisha. Na ule muwasho wa mikono ukimenya, nao ni anatomia: ndani ya seli kuna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, zimefungwa mafungu mafungu.

Mpanda Mikoko
Salaam kutoka Chwaka. Huku kwetu tatizo si miti, ni majina. Tunapanda mikoko na kikundi, mtu wa kijiji hiki anaita mkandaa, wa kijiji cha pili anauita mkoko, wakija wageni kutoka Pemba wana lao. Mwaka mmoja tulikubaliana kukusanya mkoko tukaleta vitu viwili tofauti. Sasa tunaangalia jani. Ule wenye ncha ya kijisindano kwenye jani na nukta nyeusi nyingi upande wa chini, tunaita *Rhizophora* tukiandika daftari, basi. Wenye jani dogo lililobutuka mbele, mara nyingine lina kijipengo, ni *Ceriops*. Na mchu unaujua kwa ulimi: ramba jani, chumvi.

Maalim Wembe
Hizo nukta nyeusi za *Rhizophora mucronata* ni vijivuvimbe vya gamba, kama kizibo cha chupa. Ukikata jani lake utakuta pia seli ngumu za ajabu zenye umbo la herufi H zimejipenyeza kwenye nafasi za hewa. Wanafunzi wangu huzipenda kuliko kitu chochote. Mchu una tezi za chumvi juu na chini, na upande wa chini malaika mafupi yaliyobanana, ndiyo maana jani lina rangi ya majivu ukiligeuza.

Digitali
Maalim kwa heshima zote, huu ni mwaka gani? Siku hizi ni DNA. Unapeleka kipande cha jani, unapata jina. Mambo ya wembe na karoti ni ya wakoloni.

Maalim Wembe
Sikatai. Mwaka 2009 wanasayansi walikubaliana kutumia jeni mbili za kloroplasti, rbcL na matK, kuwa kitambulisho cha mimea ya nchi kavu, na zimesaidia sana. Nitakusogezea na ushahidi wa upande wako: huo mchu aliotutajia mwenzetu, kwa muda mrefu uliwekwa familia yake peke yake, kwa sababu shina lake lina pete za floemu ndani ya mbao, jambo geni. DNA ikaja kuonesha ni wa familia ya Acanthaceae, mule mule. Kwa hiyo anatomia inaweza kukupoteza ukiitegemea peke yake kupanga koo.

Lakini kijana wa Konde anataka kumjibu ami yake leo, kwa wembe. Na ukiletewa unga wa majani, DNA mara nyingi imeharibika kwa joto na kukaushwa, malaika na fuwele zipo pale pale.

Duka la Hina Darajani
Hapo hapo kwenye unga! Maalim nisaidie. Nauza hina ya unga. Mzigo mmoja niliouziwa mwaka jana ulikuwa wa kijani mno, wateja wakarudi, rangi haishiki mkononi. Naweza kujua kabla ya kununua?

Maalim Wembe
Kwa hadubini, ndiyo, kwa kiasi. Jani la mhina (*Lawsonia inermis*) halina malaika kabisa. Lina vitundu vya hewa pande zote mbili, na fuwele zilizojikusanya kama ua. Loweka unga kidogo kwenye dawa ya kutakatisha nguo mpaka kijani kiondoke, suuza kwa maji, tazama. Ukiona vijinywele, hata vichache, kuna jani la mti mwengine mle. Sanamaki kwa mfano ina vijinywele vya seli moja vyenye vipele. Rangi ya kijani iliyotiwa kusudi utaiona ikitoka majini kabla hata ya kufika kwenye hadubini.

Ila piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, usiniletee. Kemikali iliyomo haionekani kwa hadubini, na hiyo ndiyo inayounguza watu ngozi.

Shamba Boy Machui
Mimi nilinunua miche kumi ya mchungwa wa kubebesha, kwa mtu tu, sitaki kusema wapi. Miwili imechipua vizuri lakini majani yake yana vijibawa vipana kwenye kikonyo. Mchungwa wa baba mbawa zake ni nyembamba. Nimeibiwa?

Maalim Wembe
Huenda hukuibiwa, umezubaa. Tazama chipukizi limetoka wapi, juu au chini ya kovu la kubebeshea. Likitoka chini, ni mti wa kubebea ndio unaokua, cha juu kimekufa. Kwenye machungwa kikonyo kinasema mengi: mlimau karibu hauna mbawa, mchungwa nyembamba, mdanzi pana zaidi, mbalungi pana kabisa kama jani dogo jengine. Na tazama kile kiungo baina ya kikonyo na bapa, jani linakatikia pale pale kwa usafi.

Shamba Boy Machui
Limetoka chini 😔 Basi nitakula madanzi.

Maalim Wembe
Tutatia achari.

Kabla sijasahau, onyo kwa wote watakaokata, kwa sababu mimi mwenyewe niliaibika. Nilipokuwa mwanafunzi nilikata vikonyo vya mwembe boribo na mwembe dodo. Nikaona umbo la mishipa tofauti kabisa, nikasimama mbele ya darasa nikatangaza kwamba boribo na dodo ni spishi mbili. Mwalimu akauliza, "Umekata wapi?" Boribo nilikata chini, pale kikonyo kilipovimba kinaposhikana na kijiti. Dodo nilikata juu karibu na bapa. Mishipa hubadilika njiani: inaingia mafungu machache, inagawanyika, inaungana, inajipanga upya kabla ya kuingia jani. Kulinganisha chini ya mmoja na juu ya mwengine ni kulinganisha kisigino changu na kiwiko chako. Miaka yote hii wenzangu tukikutana bado wananiita Boribo.

Kateni mahali pamoja, juu kabisa karibu na bapa, na kateni na katikati pia. Jani liwe pevu. Na vikonyo vitano, si kimoja.

Bi Mkubwa Mkoani
Maalim Boribo 😂😂 jina limeshika.

Mtembeza Wageni
Na mvinje? Yale majani yake marefu membamba tunakatia wapi kikonyo?

Maalim Wembe
Kale kauzi kijani si jani, ni kijiti. Vuta pingili zake ziachane, utaona kwenye kila kiungo vijino vidogo sita hadi nane vimezunguka. Hivyo vijino ndiyo majani. Kikonyo hakuna. Vitundu vya hewa vimejificha kwenye mifereji ya kijiti.

Kijana wa Konde
Nimerudi. Nimekata vipande ishirini na sita na kidole kimoja. Vya mwanzo vilikuwa vinene kama mkate wa mofa.

Matokeo: vikonyo ni vifupi, vinene. Havikai wawili wawili, vinapishana, na vingi viko kwenye ncha. Nilivunja, hakuna utomvu, umajimaji tu. Kipande cha ishirini na nne kilikuwa chembamba, nikakiweka juu ya tochi. Fungu kubwa liko katikati, na nje yake kuna vinukta vidogo, nimehesabu kama vinane upande mmoja, upande wa pili nilishaukwangua. Nimekata juu karibu na bapa, vikonyo vitano, vyote vile vile.

Maalim Wembe
Mtomondo. Usitwange mbegu zake ukachulia magoti.

Kijana wa Konde
Shangazi nimemuonesha kwenye simu, kaangalia, hakusema neno, kaenda kupika. Ami kasema kama ni mtomondo ni mtomondo, ameshaumwagilia miaka mitatu, hautong'olewa. Sasa ananiuliza kama najua wapi kuna mtondoo wa kweli. Nimemwambia msitu wa Jozani ipo mingi, kasema Unguja mbali. Kesho tunajenga uzio wa mbuzi.